Mvua ya Kuoshea Bati

Jumapili ile Mwalimu Arthur alihubiri vizuri, hata wasiompenda walikiri. Hakusoma sana. Alinyoosha kidole juu, kwenye bati la kanisa, akawauliza waumini wake swali ambalo kila mtu wa huku juu Newala analijua jibu lake tangu utotoni. Mvua ya kwanza mnaifanyaje?

"Tunaiacha," wakajibu akina mama.

"Mnaiachaje, na visima vimekauka?"

"Ioshe bati."

"Ioshe bati. Mnaligeuza bomba, maji yanamwagika uani mnayaangalia kwa macho, na kiu mnayo. Kwa nini? Kwa sababu mnajua ya pili inakuja. Nani kawaambia inakuja? Kuna aliyeandikiwa barua hapa? Basi hiyo ndiyo imani, ndugu zangu. Na ahadi za Mungu ziko hivyohivyo. Asiyeweza kungoja hunywa uchafu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa Novemba ya mwaka tisini na tatu, na uchafu wenyewe kila mtu aliuona. Tangu Juni mpaka Septemba mikorosho ilipulizwa salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ugonjwa wa ubwiri usikaushe maua. Zamani salfa ililetwa na ushirika, ikichelewa mnalalamika wote pamoja. Sasa biashara imeachiwa huria, mwenye pesa ananunua dukani, anakodi mashine, anapuliza, na upepo unaupeleka unga juu ya mapaa ya wenye pesa na wasio nazo. Pampu ya mradi wa maji ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Watu waliambiwa wachangie, wakachangia, pampu haikupona, na waliokusanya michango hawapendi kuulizwa. Yalibaki maji ya lori la mtu binafsi, ndoo shilingi mia, au chemchemi ya bondeni, saa moja na nusu kushuka na saa mbili na nusu kupanda na ndoo kichwani.

Mabel, mke wa Mwalimu, alikaa benchi la tatu na binti yao Rose. Yeye hakuitikia "ioshe bati". Alfajiri ile alikuwa ametumbukiza ufito kisimani, na ufito ulilowa mpaka alama ya tatu tu. Alikuwa akimsikiliza mumewe huku akimtupia jicho la pembeni, kama mtu anayesikiliza bei ya kitambaa.

*

Kisima cha Mwalimu kilikuwa shimo lililojengwa kwa saruji nyuma ya nyumba, na juu yake mfuniko wa bati wenye kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni, chini ya shati, pamoja na msalaba. Maji yaliingia kwa bomba moja lililotoka kwenye mfereji wa paa. Bomba lile lilifungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ukilivutia huku linamwaga uani, ukilivutia kule linaingiza kisimani. Kazi ya sekunde chache.

Jumatatu asubuhi Esha alipiga hodi. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mke wa Awadhi mpuliza salfa, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga wa wiki mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Stamili. Mtoto mzima?"

"Mzima, tunashukuru. Mwalimu, nina shida. Baba Stamili yuko Newala mjini na korosho, mpaka kesho kutwa. Mlima siuwezi, bado sijapona. Nilikuwa naomba ndoo moja tu. Mvua ikija nitarudisha."

Mwalimu aliishika shingo yake pale ulipolala ufunguo. "Kisima kimekwisha, mama. Kilichobaki ni tope. Lakini tuombe. Mungu hamwachi mtu wake."

Esha alilitazama kufuli. Tope halifungiwi kufuli, hata mtoto angelijua hilo. Alisema ahsante kwa adabu zote, akaichukua ndoo yake tupu, ikawa inamgonga goti mpaka kwao.

Mabel alikuwa jikoni akisonga ugali, na mwiko ulisimama. "Baba Rose. Alama ya tatu siku hizi ndiyo tope?"

"Padre anakuja Jumapili, unajua. Anatoka Masasi na watu wawili. Anakuja kuniangalia mimi. Atanawa nini? Atakunywa nini? Nimwambie mtumishi wa Mungu nyumba yangu haina maji, na jina langu liko mezani kwao?"

Jina liko mezani, ndiyo. Miaka kumi na moja Arthur alikuwa mwalimu wa kanisa bila mshahara wa maana, akizika, akifundisha kipaimara, akitembea kwa miguu mpaka Kitangari kwa mikutano. Sasa walikuwa wanachagua watu wawili wa kwenda kusomea ushemasi. Barua ilisema Padre atakuja kumwona "katika nyumba yake na katika mtaa wake". Barua hiyo aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

"Jana ulisema ya pili inakuja," Mabel alisema.

"Na itakuja."

"Basi ungempa ndoo."

Mwalimu akatoka nje, akajifanya ana kazi na jembe.

*

Mvua ilikuja Jumatano saa nane mchana. Mabel na Rose walikuwa bondeni. Mwalimu alikuwa peke yake nyumbani, anaandaa hotuba ya kumkaribisha Padre, aliposikia matone ya kwanza juu ya bati.

Alitoka akasimama barazani. Bomba lilikuwa limeelekezwa uani, Mabel mwenyewe ndiye aliyelifunga vile mwezi mzima uliopita. Maji ya mwanzo yalitoka manjano yakamwagika mchangani. Alikumbuka maneno ya Awadhi, mwezi wa nane, alipomaliza kupuliza mikorosho ya nyuma ya nyumba. "Mwalimu, bati lako limekunywa salfa sana. Mvua ya kwanza usithubutu." Alikumbuka pia mahubiri yake mwenyewe, na hayo yalimuudhi zaidi.

Nitahesabu, alijiambia. Ioshe kidogo, kisha nitaligeuza, yatakuwa yameshatakata. Alihesabu mpaka thelathini. Akatazama upande wa mashariki, mawingu yalikuwa yameanza kupasuka, na kupitia mpasuko ule lilionekana anga jeupe. Itakatika. Itakatika sasa hivi, na isinyeshe tena mpaka Krismasi, na Padre atakuta mtungi mkavu. Ndivyo moyo wake ulivyosema, na tuseme ukweli, moyo wake haukuwa na kawaida ya kusema hivyo madhabahuni.

Akakimbia mvuani, akaufungua mpira, akalivuta bomba upande wa kisima. Maji yakaanza kugonga ndani kwa mlio mzito, naye akasimama pale analowa, anausikiliza mlio huo kwa furaha. Mvua ilinyesha dakika ishirini. Ilipokatika akalirudisha bomba uani, akaufunga mpira, akabadilisha shati.

Mabel alifika jioni amelowa mpaka kwenye nywele. Alitua ndoo. Kabla hajajipangusa uso alipita nyuma ya nyumba, kama afanyavyo mwanamke yeyote mwenye kisima mvua ikishapita. Bomba lilikuwa uani, sawasawa. Lakini alitazama chini yake. Mvua ya dakika ishirini, ikimwagika mahali pamoja, huchimba shimo la kuingia kibuyu. Mwaka hadi mwaka alilifukia yeye. Safari hii palikuwa na kibonde cha kutosha kiganja, na mchanga uliobaki ulikuwa umerowa tu.

Aliingia ndani bila kuuliza. Alitaka kuona kama mumewe atasema mwenyewe.

Usiku, Mabel akiwa amelala kwa uchovu wa mlima, Rose alilalamika kiu, na baba yake, kwa mkono wake, akamchotea maji ya kisima kizani.

*

Kulipokucha mtoto alikuwa amekwisha kutapika mara tatu na kukimbilia chooni mara asizohesabu. Mabel aliomba ufunguo, akafungua mfuniko. Juu ya maji palikuwa na utando wa njano, na harufu ikampiga kama amewasha njiti ya kiberiti chini ya pua.

"Baba Rose, njoo uone."

Alikuja, akaona.

"Ni nini hiki?"

"Salfa."

"Imeingiaje?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu lingetosha, na la kusema kwa nani? Kwa mke wake, asubuhi, hakuna mtu. Lakini Mwalimu aliikumbuka barua iliyochanika kwenye mikunjo. "Sijui," akasema.

Veridiana, jirani wa ng'ambo ya njia, alikuwa anapita na jembe. Yeye pua yake huwa imeshafika mahali kabla ya miguu. Aliinama kisimani akajiziba mdomo na kanga. "Salfa. Maskini mtoto. Sasa Mwalimu, hapa kijijini mwenye salfa ndani ya nyumba mwezi huu wa kumi na moja ni nani? Sisi wote imekwisha."

Alinyooka, akaelekeza kidevu kwenye ukuta wa Awadhi.

"Na mkewe si alikuja Jumatatu akanyimwa maji? Nilimwona anarudi na ndoo tupu. Na bwana karudi lini kutoka mjini? Jana asubuhi. Mimi simtaji mtu."

"Kufuli lipo," Mabel alisema, macho yakiwa kwa mumewe.

"Bomba halina kufuli. Unga unapita kwenye bomba vizuri tu." Veridiana alimgeukia Mwalimu. "Au nasema uongo?"

Mwalimu aliangalia ardhi. "Mimi simhukumu mtu," alisema kwa sauti ya ibada. "Namwachia Mungu."

Kwa masikio ya Veridiana hilo lilikuwa jibu kamili. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilijua kuwa Awadhi kamtilia mwalimu wa kanisa sumu. Kufikia jioni wengine walikuwa wanasema kamtilia kwa sababu ni mwalimu wa kanisa. Watu waliozikana miaka yote bila kuulizana dini walianza kuulizana. Dukani, mwenye duka alimwomba Awadhi asiguse pipa la mafuta ya taa, amwonyeshe tu kipimo atamiminiwa. Watu wawili walituma salamu kuwa mwakani watatafuta mpulizaji mwingine. Stamili, mtoto mkubwa wa Awadhi, alirudi kutoka shule analia, wenzake walimkataza asinywe kwenye kikombe chao.

Na kwa Mwalimu kila mtu alikuwa mwema. Walimletea maji, kikombe huku, sufuria pale. Aliyapokea. Ijumaa usiku hakula. Mabel alimwekea chakula, akakiondoa, hakuuliza kitu. Kunyamaza kwake kulimtisha Mwalimu, maana Mabel si mwanamke wa kunyamaza.

*

Jumamosi Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bwanali, aliwakutanisha uani kwa Mwalimu, kwenye viti vya kuazima. Alitaka limalizwe kabla Padre hajafika, mgeni asikute kijiji kimegawanyika. Awadhi alikuja na mkewe na mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa kanzu safi.

"Awadhi," Mzee Bwanali alianza, "hakuna aliyekushitaki. Kuna maneno. Nataka uyasikie usoni."

"Nimeyasikia mgongoni, Mzee. Usoni ni nafuu." Awadhi alisimama. "Mimi salfa siipewi, naikopa mjini. Mfuko mmoja ni bei ya mbuzi. Nimwage mbuzi kisimani kwa mtu?"

"Mwenye hasira anaangalia bei?" Veridiana aliuliza.

"Hasira ya nini, Mama? Mke wangu kaniambia kaambiwa maji ni tope. Nikasema sawa, kwa watu wote ni tope mwaka huu." Alimgeukia mwenye nyumba. "Mwalimu, mimi ndiye niliyekuonya mvua ya kwanza. Umesahau?"

"Sijasahau," Mwalimu alisema chinichini.

"Wewe unasemaje? Kila mtu kasema isipokuwa wewe. Ni mimi?"

Mwalimu alipangusa mikono kwenye suruali. "Mimi sikumwona mtu."

Minong'ono ikapita viti vyote. Awadhi akaomba kikombe. "Mchote humo humo. Nitakunywa hapa mbele yenu. Kama mkono wangu ndio uliotia, basi yasitoke, yanimalize."

Esha alimshika kanzu. Hakumsikiliza.

Mabel ndiye aliyekwenda kisimani, na alirudi na vikombe viwili vya bati kwenye sinia, vimejaa maji ya njano. Awadhi alichukua kimoja, akanywa mpaka mwisho huku koo likipanda na kushuka, akakipindua kikombe watu waone. Mtoto mgongoni kwa Esha alilia, hakuna aliyembembeleza.

"Na hicho cha pili cha nani?" Mzee Bwanali aliuliza.

"Cha mwenye kisima," Mabel alisema. Alipiga magoti mbele ya mumewe kama anayempa mgeni maji, sinia limetulia mikononi. "Kunywa, Baba Rose. Kisha sema tena kuwa hukumwona mtu."

"Mama Rose, mbele za watu..."

"Jumatano nilikwenda nyuma ya nyumba kuangalia shimo la chini ya bomba. Halikuwepo. Mvua yote ile ilikwenda wapi? Nimekungoja siku tatu. Nilidhani utasema kwa mtoto, anatapika. Nikadhani utasema kwa sababu ya dukani. Sasa mtu kanywa. Mimi pia nimekosea kwa kungoja, na Mungu anisamehe, lakini sitangoja tena."

Watu wawili waliokaa karibu na kona waliinuka wakaenda kuchungulia nyuma ya nyumba. Mwalimu hakuwangoja warudi. Alikishika kikombe, akakitua chini karibu na mguu wake.

"Niligeuza mimi," alisema. "Nilihesabu mpaka thelathini, nikaogopa itakatika. Bomba niligeuza mimi."

Veridiana alijifunga kanga upya, kisha akaifungua, akajifunga tena.

Mwalimu alimtazama Awadhi. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nitakusamehe," Awadhi alisema. "Si leo. Leo tumbo linauma." Akamchukua mkewe, wakaondoka. Langoni Esha aligeuka, kwa adabu ileile ya Jumatatu, akasema, "Mwalimu, yale hayakuwa tope."

*

Jumapili Padre alinawa kwa kikombe kimoja cha maji ya chemchemi, yeye na wageni wake wawili. Mwalimu alimweleza yote kabla ya ibada, kisha akayarudia mbele ya waumini, akisimama chini, hakupanda pale anaposimama siku zote. Waliomsikiliza hawakulia wala kushangilia. Wengine walimtilia shaka hata katika kuungama kwake, wakasema kasema kwa kuwa kakamatwa. Si uongo, kakamatwa. Alipokuwa akipanda gari Padre alimwambia, "Jina lako tutaliacha kwanza, Mwalimu. Endelea kufundisha watoto." Mwalimu akaitikia, akafunga mlango wa gari taratibu.

Jumatatu walikitapisha kisima. Yeye alichota ndani, Mabel akapokea juu na kumwaga. Anga lilikuwa safi, hakuna hata wingu la kuchezea. Veridiana alipita akaomba apewe ya kukandikia ukuta, wakampa ndoo nne.

Sakafu ya kisima ilipoonekana, Mabel alikaa ukingoni. "Sasa hatuna hata tone."

"Hatuna."

"Na inayokuja?"

"Tuiache pia. Ioshe bati na kisima."

"Kisha tungoje nyingine."

"Ndiyo."

"Unaamini, au unahubiri?"

Mwalimu, akiwa ndani ya shimo, miguu imejaa utando wa njano, aliegemea ukuta wa saruji. "Sijui, Mabel. Nilizoea kudhani ni kitu kimoja. Ninalojua, bomba sitaligusa." Akauvua ufunguo shingoni, akampa. Mabel aliutia kwenye kufuli, akalichomoa kwenye mfuniko, na vyote viwili akavitupa kwenye kapu la vyuma vibovu.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, walishuka bondeni wote wawili. Mwanaume mwenye ndoo kwenye foleni ya chemchemi ni kichekesho, na wanawake hawakumnyima kicheko chake. Mmoja alimwuliza kama atahesabu mpaka thelathini ndoo ijae. Alicheka nao kidogo. Alipanda na ndoo moja begani na nyingine mkononi, akipumzika kila kona, na Mabel mbele hakumngoja.

Ya begani aliitua nyumbani. Ya mkononi aliipeleka ng'ambo ya ukuta, akapiga hodi, akasimama mbali kidogo na mlango.

"Shikamoo, Mwalimu," Esha alisema.

"Marahaba. Nimeleta maji. Ya chemchemi."

Esha aliitazama ndoo, akamtazama yeye. Aliinama, akaleta uso karibu na maji, akayanusa. Akachovya kidole, akakitia ulimini. Mwalimu alisimama pale na jasho lake, akamwacha achunguze kadiri alivyotaka, na Esha alipomaliza kumimina mtungini, akaipokea ndoo yake tupu na kusema kesho ataleta tena.